Hapana Nisiyoikumbuka

Niliamka na kinywa kichungu kama niliyetafuna shubiri, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa uso wa Akoth. Akoth ni muuguzi wa Kisumu, shahidi mwenzangu kwa miaka minane, na mdomo wake haujui likizo. Asubuhi ile alikuwa amekaa pembeni ya kitanda changu kimya, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa habari za msiba na bado hajajua pa kuanzia.

"Saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa tano na robo."

Niliingia chumbani saa mbili. Kwa hiyo zaidi ya saa tatu za maisha yangu zilikuwa zimeshakwenda na hazitarudi. Sikuzililia. Kwa hesabu yangu nimeacha asubuhi elfu moja mia tatu na saba katika Kituo hiki, na mtu hawezi kulia kila siku kwa jambo lilelile. Nikajigusa shingoni, mahali pa sindano, pakauma kidogo kama kawaida.

"Sasa mbona unanitazama hivyo? Nimekufa?"

"Mama, umesema hapana."

Nikacheka. Akoth hakucheka. Akanipa karatasi, na juu ya karatasi kulikuwa na maneno mawili makubwa, NDIYO upande wa kushoto, HAPANA upande wa kulia, na alama ya dole gumba langu, ya wino mweusi, imekaa upande wa kulia katikati kabisa ya neno. Si alama ya mtu aliyetetemeka. Nilikibonyeza kidole kile kwa nguvu zangu zote.

"Na nyinyi?"

"Mimi ndiyo. Mzee Bwanaheri ndiyo. Kisanduku cha mionzi kimewaka kijani."

Nikarudisha kichwa kwenye mto. Lilikuwa bomu la elfu nne mia moja na kumi na mbili, la mwisho kwa upande wa Wenyeji. Miaka kumi na miwili tulikuwa tukiingoja siku hiyo. Wapishi walikuwa wameshaanza kukanda unga wa keki, na mimi nilikuwa nimeliharibu jambo lote bila hata kujua kwa nini.

*

Watu wakiniuliza nyumbani Tukuyu ninafanya kazi gani, huwaambia ninalipwa kusahau. Huona ni utani.

Umbo la bomu ndilo siri yenyewe. Ukimfungulia mtu bomu ili aamini kwamba linavunjwa, umemfundisha kulitengeneza. Usipomfungulia, haamini. Kwa fundo hilo moja mikutano ya mataifa ilikwama miaka thelathini, watu wakila na kunywa na kupigana picha. Wakaja na kisanduku cha kupima mionzi, chenye taa mbili, kijani na nyekundu, kisichoonyesha kingine chochote. Shirikisho, ambao ndio Wenyeji wetu hapa, wakasema watu wa Ng'ambo wamekichezea. Ng'ambo nao wakasema Wenyeji ndio waliokichezea. Hapo ndipo mtu mmoja, Mungu amsamehe popote alipo, akasema: tafuteni binadamu anayeweza kuona kisha asahau.

Kufuli ni jina tuliloipa ile sindano. Ukidungwa, kwa saa tatu akili yako inafanya kila kitu isipokuwa kuweka. Unaona, unauliza, unashika ukitaka, unakata shauri. Kila shahidi anaingia peke yake na mhandisi mmoja wa Wenyeji, bomu linafunguliwa mbele yake, na kabla ya kutoka anabandika dole gumba. Kisha analala, na akiamka anaambiwa alichosema kama anavyoambiwa mtu aliyeota kwa sauti. Mashahidi ni watatu kwa kila bomu, na hapana moja inatosha kulikataa.

Mwanzo Baraza la Mashahidi liliajiri wanafizikia. Wakadanganywa ndani ya mwaka mmoja, maskini. Mwanafizikia hupambana na maumbile, na maumbile ni magumu lakini hayana hila. Basi wakatafuta watu waliozeeka wakidanganywa: wa forodha, wauguzi wa zamu, wachambuzi wa karafuu kama Mzee Bwanaheri. Mimi walinitoa sokoni Makambako, nilikokagua mizani ya viazi miaka ishirini na miwili. Nimeona mawe ya mizani yaliyotobolewa yakajazwa nta. Nimeona gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu ya kilemba, na mwenyewe akiapa kwa jina la mama yake kwamba ni gunia la kawaida. Lugha ya kazi ni Kiswahili kwa sababu hakuna kati ya wale wakubwa wawili anayeweza kudai ni yake. Wenyeji walikuja kujifunza ili watusikilize tunachonong'ona. Siku hizi wanakitumia kutusengenya.

*

Hafidhi Shekue, mkuu wetu, alinipokea ofisini na chai ya tangawizi aliyoichemsha mwenyewe. Hafidhi ni mtu wa Korogwe, mpole, na nimemwona akizeeka mbele ya macho yangu: alikuja na nywele nyeusi na tumbo, sasa hana hivyo vyote viwili. Alifunga mlango, akakaa upande wangu wa meza, si upande wake.

"Dada Subilaga, umeamkaje?"

"Nimeamka na hapana."

"Nimeiona." Akajisugua macho. "Sitakuuliza kwa nini, maana najua hujui. Nakuuliza kitu kingine. Unafahamu Ng'ambo wamebakiza mabomu mangapi?"

"Moja. Nani asiyejua?"

"Moja, na limeshapakiwa. Ikitoka ndiyo hapa leo, mwezi ujao wanalifungua lao, na dunia haina tena. Haina kabisa, dada. Ikitoka hapana, bunge lao lina sheria ya kujitoa katika mkataba siku hiyohiyo, na viwanda vyao havijabomolewa. Nusu ya wale wabunge wanaomba Mungu tuwape sababu." Akasogeza kikombe changu karibu yangu. "Saa tisa unathibitisha. Kanuni inakuruhusu mambo matatu: kuthibitisha, kubadili, au kuliondoa jibu kwa sababu ya maradhi. Ukiliondoa, hakuna hapana. Anaingia shahidi wa akiba kesho, tunamaliza."

"Mimi siumwi."

Akafungua jalada. "Asubuhi kabla ya kufuli walikupima joto. Thelathini na saba na pointi nane."

"Hiyo si homa, hiyo ni mafua."

"Inatosha kwa karatasi." Alisema hivyo akitazama sakafu, na nikamwonea huruma, maana Hafidhi si mwongo na uwongo ulikuwa ukimkaa vibaya kama koti la kuazima. "Dada yangu, tumekula ng'ombe mzima. Tutashindwa na mkia?"

"Yule ng'ombe tulimwona, Hafidhi. Huu mkia mimi sijui ni wa mnyama gani."

Chai ikapoa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Na kama ulikosea? Binadamu hukosea."

Alinipiga palepale penye kidonda.

Makambako palikuwa na mkulima, Mzee Ndelwa, aliyeteremsha magunia sabini ya viazi asubuhi ya masika. Mimi nina kawaida ya kukipima kitu kwa mikono kabla sijautazama mshale; mikono yangu imenifaa kuliko mizani nyingi. Siku ile mikono ikaniambia magunia yamepunjwa. Mizani ikasema yako sawa. Nikaikataa mizani, nikayazuia magunia, nikamwacha mzee alale nayo barabarani siku tatu chini ya mvua mpaka yakaanza kuoza. Siku ya tatu nikaanguka. Malaria ilikuwa imenipanda tangu Jumapili, na viungo vilivyojaa homa vilikuwa vimenidanganya. Mzee Ndelwa hakunitukana hata mara moja. Alikuja hospitali na ndizi mbivu, akaniambia pole, na mimi nikatamani angenitemea mate.

Kwa hiyo nilijua. Mikono hii iliwahi kumwangamiza mtu asiye na kosa, na asubuhi ile nilikuwa na joto la thelathini na saba na pointi nane.

*

Nilikwenda kula kwa sababu miguu ilizoea kwenda huko saa saba. Nilipoingia, vijiko vikatulia. Mtu aliyeharibu sikukuu hutambulikana haraka.

Radka alikuwa peke yake karibu na dirisha. Huyu ndiye mhandisi aliyekuwa nami chumbani asubuhi, na wala si asubuhi hiyo tu. Kwa miaka kumi na miwili amenifungulia mabomu mengi kuliko anavyojua kuyahesabu, nami silikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni yeye nje ya chumba. Kiswahili chake nilimfundisha mimi, ndiyo maana anasema "ndaga" akishukuru, kama binti wa Rungwe. Ana miaka hamsini na mmoja, mikono mikubwa, na mama mwenye miaka themanini na sita ambaye hajamwona tangu Kituo kifunguliwe.

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi katika mpango huu wa watu wenye akili. Sisi mashahidi tunasahau, kwa hiyo tuko huru, kila baada ya miezi mitatu tunapanda ndege kwenda kwetu. Wao wanakumbuka, kwa hiyo hawatoki. Wako ndani ya uzio mpaka bomu la mwisho lipite. Siku ikipita ndiyo, lango linafunguliwa, Radka anakwenda kwa mama yake. Kumwuliza kilichotokea chumbani ni kosa kwangu, na kunijibu ni kifungo kwake.

Nikakaa mbele yake. Kila siku hunisogezea mkate. Safari hii hakuusogeza.

"Mama," akasema huku akitazama supu, "sema uliumwa."

"Nawe pia?"

"Kila mtu anasema ulikuwa na homa. Daktari ameandika. Ni neno dogo. Sema uliumwa, twende nyumbani. Wewe nenda kwako, mimi niende kwangu." Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Nimechoka, Mama. Huwezi kujua nilivyochoka."

"Najua. Nami nimechoka."

"Hapana. Wewe unalala, unaamka, imepita."

Ilikuwa kweli, ikanichoma. Nikatazama mikono yake, ile mikubwa, ikizungusha kijiko bila kuchota. Nikajua ninakaribia kuvunja kanuni, nikaivunja.

"Radka. Je, niliumwa?"

Radka hajawahi kunidanganya. Amewahi kuninunia, amewahi kunifokea kwa lugha yake nisiyoielewa, lakini uwongo hajawahi. Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, macho mekundu, midomo ikafunguka, ikafungwa. Kisha akainuka na kuondoka, akaiacha supu, kijiko na mkate mzima mezani.

Nikabaki na maswali zaidi ya niliyokuja nayo. Kimya kile kingeweza kuwa cha mtu anayeogopa kifungo tu. Kingeweza kuwa cha mtu anayemwonea haya bibi kizee aliyetapatapa kwa homa mbele yake. Kimya si ushahidi. Ningekuwa sokoni nisingekiandika.

Nilirudi chumbani kwangu nikajilaza na viatu. Nilimfikiria yule mwanamke aliyeingia mle saa mbili. Ana jina langu na magoti yangu mabovu. Alijua kila ninachojua sasa: kwamba ni la mwisho, kwamba keki inapikwa, kwamba Radka ana mama. Alikumbuka viazi vya Mzee Ndelwa kama ninavyovikumbuka. Alijua kwamba ana mafua. Alijua pia kwamba akibandika dole upande wa kulia, mimi ndiye nitakayeamka na kuzomewa bila hata sababu moja ya kujitetea nayo. Akanionea huruma, bila shaka. Na bado akabandika, kwa nguvu vile.

Mimi sikuwa na macho. Yeye alikuwa nayo. Nikaona ni aibu kipofu kumsahihisha aliyeona, kisa watu wana haraka.

Hilo halikunipa raha. Nilikuwa nikiogopa, kwa sababu kama alikosea, mimi na yeye tulikuwa tumerudisha mabomu duniani.

*

Ukumbini watu walikuwa wamekaa tangu saa nane na nusu. Kushoto ujumbe wa Ng'ambo, mafaili yamefungwa mbele yao. Kulia Wenyeji, Jenerali Tesk mbele na wahandisi wake nyuma. Sisi mashahidi watatu tuliwekwa kwenye benchi katikati. Mzee Bwanaheri, mwenye miaka sabini, alinigonga kwa kiwiko.

"Mwanangu, mie nlisema ndiyo na wala sijui kwa nini," akaninong'oneza kwa Kipemba chake. "Usione kama ndiyo yangu ina macho zaidi."

Akoth alinishika mkono. "Hata yangu," akasema.

Hafidhi akasimama. Alisoma swali kwenye karatasi ingawa amelisoma mara elfu nne.

"Shahidi wa tatu, Subilaga Mwaisumo. Jibu lako la asubuhi unalithibitisha, unalibadili, au unaliondoa kwa sababu ya maradhi?"

Alipofika kwenye maradhi alipunguza mwendo. Alinipa muda. Ukumbi wote ulinipa muda, nadhani hata wale wa Ng'ambo.

"Nalithibitisha."

"Sababu?"

"Sina. Sikumbuki."

Mtu akacheka, kicheko cha uchungu. Mjumbe mkuu wa Ng'ambo alianza kukusanya karatasi zake na kuzitia mkobani, moja baada ya nyingine, na mwenzake akatoa simu. Hafidhi alikaa chini taratibu, akaweka mikono usoni. Jenerali Tesk akainuka. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watangazaji wengi.

"Basi ndugu zangu mmeona," akasema. "Miaka kumi na miwili ya kazi, mashahidi wawili, taa ya kijani. Na dunia nzima inasimamishwa na homa ya bibi mmoja."

"Hakuwa na homa."

Sauti ilitoka nyuma yake. Radka alikuwa amesimama, ameshikilia mgongo wa kiti cha mbele kama mtu aliye ndani ya gari linaloyumba. Jenerali aligeuka akamwambia neno kwa lugha yao, neno fupi tu. Radka hakumtazama. Alikuwa akinitazama mimi.

"Niulizeni mimi," akasema. "Mimi nakumbuka."

Hafidhi alitoa mikono usoni.

"Moyo wa bomu wa kweli una joto lake lenyewe. Hata ndani ya kasha, ukiushika ni kama yai lililotolewa chini ya kuku. Shahidi hana lazima ya kuushika. Wengi wanatazama taa. Mama huyu alivua glavu ya nje, akashika kasha kwa mikono miwili, akakaa nalo. Akaniuliza, 'Radka, mbona huu ni wa baridi?' Nikamwambia ni baridi ya chumba. Taa iliwaka kijani kwa sababu kuna kipande kidogo cha kweli kimebandikwa upande wake. Nilikibandika mimi, Jumapili, kwa amri. Moyo wenyewe uko ghala la pili. Walitaka kubaki nao mmoja."

Walinzi wawili walikuwa wameshaanza kusogea ukutani. Yule mjumbe wa Ng'ambo alisimama na karatasi mkononi, nusu mkobani, nusu nje, kisha akazirudisha mezani na kukaa.

"Nilipomjibu vile, aliniangalia," Radka akaendelea, na sasa alikuwa akilia wazi, bila kujifuta. "Alijua kwamba nimemdanganya. Hakunigombeza. Alisema, 'Pole, mwanangu, wamekubebesha mzigo.' Kisha akaenda akabandika dole."

Sijui wenzangu walikuwa wakifikiria nini. Wengine bila shaka walifikiria mataifa. Mimi nilikuwa nikilia kwa jambo dogo zaidi. Nimeingia chumbani mle mara elfu moja mia tatu na saba, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisimulia nilichofanya.

Jenerali alinyoosha mkono kuwaita walinzi. Hafidhi alisimama kabla mkono haujashuka, na sijawahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa siku ile.

"Huyu sasa ni shahidi wa Baraza," akasema. "Asiguswe na mtu."

Hakuna kanuni ya namna hiyo. Nimesoma kitabu chote cha kanuni, kurasa mia nne na kumi, haimo. Lakini walinzi hawakukisoma, wakasimama. Mzee Bwanaheri akasogea upande, nami nikasogea, tukaacha nafasi kwenye benchi. Radka alipita katikati ya viti vya watu wake, hakuna aliyempisha na hakuna aliyemzuia, akaja akakaa kati yetu. Mikono yake ilikuwa baridi. Nikaishika yote miwili.

Hafidhi alichukua kalamu na karatasi mpya ya ushahidi. Amemjua kwa miaka kumi na miwili, amekula naye, amemzika naye rafiki wao mmoja nyuma ya Kituo. Akamwuliza kwa upole, kama anayekutana naye leo:

"Jina lako nani, dada?"

Akalitaja lote, na la baba yake, na la mama yake anayemngoja.